Bi. Nyevu Ngumbao Aiaga Bunduki ya Viboko

Bi. Nyevu Ngumbao anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha wanyamapori hapa Magarini kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa kufagia. Mtunza silaha wa wakati ule, Bwana Hesbon, alipohamishwa, ufunguo wa stoo aliachiwa aliyekuwa karibu, na Bi. Nyevu alikuwa karibu kwa sababu ya ufagio.

Bunduki yenyewe ni moja, ya marisau, vile vigololi vidogo vya risasi, tena ile inayojipakia. Hatuui nayo, hupigwa hewani viboko wanapotoka Mto Sabaki kuingia mahindini mwa watu. Mlio wa kwanza, kiboko hudhani ni radi. Wa pili ndio humrudisha majini. Na huo wa pili hauji bure: nguvu ya moshi wa risasi ya kwanza ndiyo inayousukuma mtambo upakie nyingine. Moshi huacha masizi, na upepo wetu wa chumvi humalizia kazi.

Kwa hiyo kila ikirudi, Bi. Nyevu huifungua, huitandaza juu ya leso yake iliyoandikwa Hasidi Hana Sababu, husugua mtutu kwa ufito na kitambaa hadi kitambaa kitoke cheupe, hupiga mswaki chuma kimoja kimoja, kisha hupaka mafuta kidogo. Kidogo! Waliozidisha walitolewa stoo. Mkuu wa kituo aliwahi kuikalia leso ile kwa bahati mbaya, akaomba radhi kwa maandishi.

Si kwamba hakukosea. Mwaka mmoja mafuta ya bunduki yalichelewa kuletwa, naye akatumia mafuta ya nazi, akisema yaliyofaa nywele za bibi yake yatafaa chuma. Kiangazi chote yalifaa. Kisha kikaingia kipupwe, na sote tuliozaliwa pwani twajua chupa ya mafuta ya nazi inavyoamka asubuhi ya kipupwe: imeganda, mpaka uianike juani. Hakuna aliyeiwazia bunduki. Alfajiri moja mwandishi wa maneno haya, Mujahid, alisimama mbele ya kiboko, akapiga mmoja, akangoja wa pili. Lo! Wa pili haukuja. Kiboko alikuja. Mwandishi alimalizia alfajiri ile juu ya mwarobaini, ambao hadi leo hajui aliupandaje na mabuti.

Bi. Nyevu hakusingizia baridi wala waliochelewesha mafuta. Alisema ni yeye, akalia mbele yetu sote, kisha akatunga sheria ambayo hakuna aliyemwomba: aliyesafisha bunduki atasimama ubavuni mwa mpigaji. Tangu hapo, kila tukiitwa, mama wa watu huja na ndara zake hadi ukingoni, akamtazama kiboko kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Nilimkataza. Aliniambia ninyamaze nitazame mbele. Sikuwahi kumwambia, lakini yeye akiwa pale siutafuti mwarobaini kwa macho.

Ndiyo maana habari za kustaafu kwake zilinikosesha raha. Stoo amekabidhiwa Purity, mwanafunzi wake, lakini kufundishwa ni jambo moja na kusimama pale ni jingine. Wiki iliyopita, kulipopambazuka, tuliitwa. Purity ndiye aliyekuwa ameisafisha. Tulidhani Bi. Nyevu ataikagua kwanza. Hakuigusa. Alijimiminia chai, akaketi langoni, akasema yeye haendi.

Purity alisimama ubavuni mwangu. Kiboko alikuwa dume, na hakuwa na haraka. Nikapiga. Nikapiga tena. Akageuka, akarudi zake mtoni, na Purity akaketi palepale matopeni.

Tuliporudi, Bi. Nyevu alikuwa bado langoni; mto uko karibu, na milio alishaisikia yote miwili. Chai yake ilikuwa imepoa, haijaguswa. Alijifuta macho, akamwambia Purity kwamba bunduki haijisafishi.

Bi. Nyevu, wenzako wote twakushukuru. Mola akuzidishie afya, na kiboko asilijue shamba lako. Akilijua, tuite, tutakuja. Kwa kazi yako mimi ni mzima, na wanangu wana baba.