Mita Mia Tatu za Mgeni

Risala ya wafanyakazi wa hifadhi ya ghuba kwa mgeni rasmi, siku ya kuweka jiwe la msingi

Mgeni rasmi, uliyeacha mafaili yako mezani ukaja kututazama. Mkuu wetu wa hifadhi, ambaye hatujamwona na tai tangu alipokuja mgeni aliyekutangulia. Viongozi mlioketi kivulini, na wenzetu mliosimama juani: tunawasalimu nyote kwa heshima.

Sisi tunaozungumza ni watunza njia, wafagizi, waongoza wageni na mkata tiketi wa hifadhi hii. Sauti mnayoisikia ni ya mkata tiketi. Tumemteua kwa sababu mbili: anasoma bila kukwama, na hana cheo cha kunyang'anywa.

KARIBU

Mgeni rasmi, umejionea mwenyewe njia ilivyong'aa. Mawe ya kandokando yamepakwa chokaa jana, na yote yamekauka isipokuwa la tatu kutoka getini, kwa hiyo tunawaomba waliopita karibu nalo waangalie suruali zao. Majani makavu yamefagiliwa msituni, kazi ambayo msitu wenyewe haukuwahi kuiomba. Kobe wetu mzee amesuguliwa mgongo kwa brashi na sabuni. Alivumilia, maana naye ni mwenyeji.

Sehemu hii uliyoipita sisi kwa sisi tunaiita mita mia tatu za mgeni. Inaanzia getini, inapita kwenye benchi, inaishia kwenye turubai hili. Kila mgeni mkubwa huletwa hapa, huiona ghuba kwa mbali, hupigwa picha, hunywa maji ya chupa na kuondoka akiisifia hifadhi nzima. Hatusemi kwa ubaya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumepona kweli: wiki hii choo cha wafanyakazi kimepata mlango.

HISTORIA

Kabla ya kuitwa hifadhi, upande wa mbali wa ghuba, ule usioonekana kutoka hapa kwa sababu ya kilima, ulikuwa mashimo ya chumvi. Ghala la chumvi bado limesimama, ingawa paa lilikwenda na upepo siku nyingi. Kwenye ukuta wake wachota chumvi walikwaruza majina yao kwa msumari, na baadhi yao waliandika ya watoto wao pia, hata ya waliokuwa bado tumboni.

Mmoja wa watoto hao ni Mama Buti, mtunza njia wetu wa kwanza. Tunamwita hivyo kwa sababu amechakaza mabuti mengi kuliko sisi wote, na hakuna hata jozi moja aliyopewa ikamtosha. Chumvi ilipokosa soko watu walihama, maji yakarudi mashimoni, ndege wakayafuata maji. Yeye alibaki. Alikata njia kwa panga na jembe, kilomita nne, kutoka hapa mpaka ghalani, ili aweze kwenda kusoma jina la baba yake bila kuchomwa na miiba. Baadaye serikali iligundua kwamba mahali hapa pana hifadhi, ikamwajiri kuwa kibarua kwenye njia yake mwenyewe. Alishukuru. Sisi tulishukuru kidogo kuliko yeye.

MAFANIKIO

Njia ile inapitika mwaka mzima. Wanapita wanafunzi na madaftari yao, wazee walioambiwa na daktari watembee, na wachumba ambao hawakuambiwa na mtu. Fisi maji waliokuwa wamepotea wamerudi, na wanatuibia samaki bila aibu. Maji yakitoka, tope la ghuba hujaa vitwitwi, vile vindege vya miguu myembamba, maelfu kwa maelfu, waliosafiri safari ambayo sisi kuimaliza tungehitaji likizo na nauli. Wanachokifuata ni minyoo na kaa wadogo waliomo ndani ya tope lile. Huko ndiko kwenye chakula chao, hawana kwingine.

Mafanikio mengine ni fulana hizi mpya. Tulizipokea jana jioni.

CHANGAMOTO

Sehemu hii ilipelekwa ofisini kupitiwa mara tatu, na kila iliporudi ilikuwa imepungua. Sasa inasomeka hivi: "Changamoto: hakuna." Tumeisoma kama ilivyo, tusije tukaambiwa tumeongeza chumvi.

Basi, kwa kuwa changamoto hakuna na nafasi imebaki, tunaomba tuitumie kukiri kosa letu.

Miaka miwili iliyopita mgeni aliyekutangulia alisimama hapa hapa. Akanyoosha kidole kuelekea kilimani akauliza, "Na kule nyuma kuna nini?"

Afisa mmoja wa makao makuu akawahi kujibu. "Hakuna kitu, mheshimiwa. Tope tu."

"Tope tupu?"

"Tupu kabisa."

Mgeni akacheka. "Sasa mnalilinda la nini? Lifukieni mjenge kitu cha maana!"

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi, na sisi tulipiga. Tulikuwa tumepangwa mstari, tumevaa fulana za mwaka ule, na mtu akiwa kwenye mstari mikono yake hufuata ya jirani. Mama Buti naye alipiga. Tulipokuwa tunakunja turubai alituambia, "Wanangu, leo nimeitoa njia yangu kwa makofi yangu mwenyewe." Tuliona aibu, na bado tunaiona.

Haikuchukua muda ramani ikaja. Tope litafukiwa kwa kifusi, ghala litavunjwa, na mahali pake patajengwa maegesho ya magari mia mbili pamoja na mnara wa kutazamia ndege. Mnara wenyewe ni mzuri, hatuna ubishi. Mtu akipanda juu ataona vizuri kabisa mahali ndege walipokuwa wakila. Na lile eneo lenye njia ya Mama Buti, ramani imeliandika "eneo lisilotumika".

Tulipoliona neno hilo tulikasirika, kisha tukatazamana. Nani aliwahi kuwaonyesha wakubwa kwamba linatumika? Kwa miaka yote hii tumewafagilia, tumewapakia chokaa, tumewawekea viti, ili wasichoke. Ukarimu wetu umeziponza kilomita nne. Laiti tungemwacha hata mgeni mmoja apotee njia.

MAOMBI

Maombi yaliyopitishwa na ofisi ni mabuti, makoti ya mvua na bati. Tunayaondoa yote matatu. Tumezoea kulowana.

Tunaomba moja tu: uone kwanza, ndipo uweke jiwe.

Tunajua muda wako ni mfupi. Mkuu wetu alipotusikia tukilizungumza jambo hili alitufuata stoo akasema, "Jamani, nina watoto wanasoma. Msiniponze. Mgeni hatembei, ana dakika arobaini tu." Tukamwambia, "Sawa, bosi." Na tuliposema sawa tulimaanisha sawa. Ni mtu mwema, ila naye kilima hajawahi kukivuka.

Kwa hiyo hatukubadilisha ratiba yako hata herufi moja. Tuliisoma tu, pole pole, kama watu waliozoea kupewa maagizo. Imeandikwa: "Mgeni rasmi ataweka jiwe la msingi mahali pa mradi." Jiwe lilikuwa limefichwa nyuma ya turubai hili, ili usitoke jasho. Lakini hapa si mahali pa mradi. Tuliona litakuwa kosa kubwa la kiofisi.

Asubuhi hii, kabla hamjafika, tumelibeba kwa zamu mpaka linakohusika. Magari hayafiki huko. Tumelisimamisha chini ya ukuta wa ghala, palipo na majina, tukaweka ndoo ya saruji na mwiko pembeni. Maji yametoka tangu saa mbili, hayatarudi mpaka saa saba, kwa hiyo ndege wote wako mezani. Tumeleta pia jozi tano za mabuti. Ni yetu wenyewe, tumeyafuta, na wenye nayo watatembea peku.

Mama Buti hayupo hapa. Tulimsihi aje kukusalimia akakataa, akatutuma hivi: "Mwambieni namngoja ukutani. Akishaona, na bado akitaka kulijenga jiwe lake, mimi mwenyewe nitamkorogea saruji. Ila na yeye anisomee jina la baba yangu kwanza, kwa sauti."

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na uamuzi, aibariki nyumba yako na wote wanaokutegemea, na kwa leo akujalie magoti yasiyouma.

Ni sisi,
Wafanyakazi kumi na watatu wa njia ya ghuba, tulio mbele yako,
na mmoja anayekungoja.