Maisha ya Fundi Nusumili na Jumapili ya Machimboni

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, familia imempa kazi ya kusoma historia hii mdogo wa marehemu, yule fundi redio mnayemjua kwa sauti kubwa na hasira za karibu, na ameombwa asome polepole, asigombane na mtu, asipunguze kitu, kwa kuwa mjane wa marehemu aliichukua jana, akaisoma mwanzo hadi mwisho, akairudisha na kusema, "Shemeji, soma kama ilivyo, ukiruka mstari mmoja nitasimama nikusomee mimi."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha zimamoto, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba mwashi na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Mdogo wake alimfuata baada ya miaka sita, na tangu huyo mdogo alipojua kusema, wawili hao waligombana kila siku iliyopambazuka, wakala sahani moja kila siku iliyokuchwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, katika majengo yale marefu kando ya ghala la reli, na mwalimu wake wa mwisho aliandika kwenye ripoti kwamba ana mkono mzuri na maneno machache, jambo ambalo mama yetu alilisoma mara mbili kwa sababu hakuamini kwamba maneno machache ni sifa. Mwaka 1975 aliingia chuo cha ufundi, akasomea useremala, akamaliza Desemba 1978 akiwa wa pili katika darasa la watu thelathini na wanne, na mpaka anaingia hospitali mara ya mwisho alikuwa bado hajakubali kwamba yule wa kwanza alistahili.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha kumimina chuma, chumba cha mifano, ambako kila kipande cha pampu huchongwa kwanza kwa mbao, kikazungushiwa mchanga, ndipo chuma kilichoyeyuka kikamiminwa mahali pake. Huko ndiko alikopewa jina la Nusumili, kwa sababu hakukubali kitu kikosee zaidi ya nusu milimita, kiwe mfano wa pampu, mlango wa kabati au nywele alizonyolewa. Alifanya kazi katika chumba hicho hicho, kwenye meza hiyo hiyo ya karibu na dirisha, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa ameletwa kiwandani kushona mapazia ya ofisi. Siku ya kwanza kumwona alimwambia, "Dada, pazia lako limepinda," naye dada akamjibu, bila kutoa pini mdomoni, "Pima dirisha lako kwanza." Alipima, akakuta dirisha ndilo lililopinda, akarudi kesho yake akiwa amevaa shati safi. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwezi Juni 1988 akaishi siku kumi na tisa, na wa kike aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1991, ambaye yupo nasi hapa, amekaa kiti cha pili kutoka kwa mama yake.

Mnamo mwaka 1994 fundi mitambo mmoja alileta kiwandani picha ya boti ndogo ya mashindano, ya aina ile ambayo ikishika kasi inanyanyuka na kugusa maji kwa ncha tatu tu, vielea viwili vya mbele na propela ya nyuma, huku tumbo lote likiwa hewani. Marehemu aliitazama akasema picha ni ya uongo. Wakabishana wiki nzima, na ili kumaliza ubishi akaamua kuitengeneza yeye mwenyewe, urefu wa mkono wa mtu mzima, kwa mbao nyembamba zilizofunikwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi. Boti hiyo ya kwanza ilipinduka kinyumenyume mara kumi na moja, kila ikishika kasi pua inainuka, upepo unaingia chini, inaruka kama chapati, na yeye anaingia majini kuifuata hadi kifuani, anatoka nayo kwapani. Mara ya kumi na mbili aliweka kipande cha madini ya risasi kwenye pua ya boti, uzito wa kiberiti kilichojaa, akashusha propela kwa unene wa kadi, nayo ikaenda. Alikaa chini kwenye mawe, akamwambia mdogo wake, "Basi picha ilikuwa ya kweli," na huo ndio ushindi mkubwa wa ubishi ambao yule fundi mitambo aliupata maishani mwake.

Tangu siku hiyo chumba cha nyuma kikawa karakana. Marehemu alichonga na kupanga, yaani kuweka kila boti sawasawa kwa maji ya siku ile, pembe ya vielea, kina cha propela, usukani wa kona, uzito wa mbele na wa nyuma. Mdogo wake akashika upande wa umeme, redio ya kuongozea inayokaa mkononi mwa mwendeshaji, na kipokezi kinachokaa ndani ya boti. Mdogo huyo hakusomea redio kwa mtu, alijifundisha kwa kufungua zilizokufa, na alijivunia mambo mawili, kwamba hakuna redio iliyomshinda, na kwamba hajawahi kumwambia mtu uongo, apendezwe au achukie. Jambo la pili kila mtu alilijua. Kaka yake alilijua kuliko wote.

Sasa tunafika tarehe 17 Novemba 2013, siku ya Jumapili, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji, ambako klabu ya boti ilifanyia mashindano yake, na wengi wenu mmeisikia siku hiyo kwa namna moja, leo mtaisikia kwa namna ilivyokuwa.

Asubuhi kipokezi cha boti nyekundu ya marehemu, aliyokuwa akishindana nayo siku hiyo, kiliingia maji, mdogo wa marehemu akakitoa akaweka kipya. Kipokezi kipya lazima kifundishwe kinga, maana yake, mawimbi ya redio yakipotea kijue kuzima mota, kisipofundishwa kinashikilia amri ya mwisho kiliyoisikia, na kama amri ya mwisho ilikuwa kasi yote, boti itakwenda kwa kasi yote mpaka ikutane na kitu. Sheria ya karakana ilikuwa moja na haikuwa na mkubwa wala mdogo, ukibadilisha kipokezi unaiweka boti juu ya stendi, unawasha mota, unazima redio ya mkononi, unatazama kwa macho yako propela ikisimama. Ni kazi ya dakika mbili. Mdogo wake alikuwa amechelewa, alikuwa na njaa, na nusu saa kabla kaka yake alikuwa amemkosoa mbele za watu kwa waya uliofungwa vibaya. Kwa hiyo marehemu alipokuja na kumuuliza, "Umezima redio ukaona?" yeye alijibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya maji, "Kaka, mimi na redio miaka ishirini na tano, unaniuliza kama mtoto wa shule? Nimeona!"

Hakuwa ameona. Hakuwa ameifanya kazi hiyo kabisa.

Marehemu alisema, "Haya, bwana mkubwa, usinile," akachukua boti, akaiweka majini, kwa sababu aliyemjibu alikuwa mtu asiyesema uongo.

Katika mzunguko wa tatu, boti ikiwa kwenye kilomita tisini kwa saa, redio ilipotea. Marehemu alishusha kasi, boti haikusikia. Alikata kona, haikusikia. Ilikwenda moja kwa moja, ikapanda ukingo, ikampiga binti yake chini ya goti la kushoto, pale aliposimama nyuma ya utepe, mahali paliporuhusiwa, akimhesabia baba yake mizunguko. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho wa kusomea upimaji ardhi, kazi ya kutembea na kupanda vilima. Tarehe 21 Novemba madaktari waliukata mguu huo. Leo anachora ramani za mahali palipotembewa na watu wengine.

Tarehe 30 Novemba kamati ya klabu ilikutana katika ukumbi ulio juu ya duka la rangi, mwenyekiti akauliza nani aliihakiki ile kinga. Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa mstari wa mbele, mdomo ameshaufungua, lakini kaka yake alisimama kabla yake akasema, "Boti ni yangu, nimeipanga mimi, nimeiweka majini mimi, msimuulize mtu mwingine." Wakamfungia maisha. Na ule mdomo uliokuwa umefunguka, mdomo usionyamaza kwa dereva, kwa karani wala kwa daktari, ulifungwa siku ile ukakaa umefungwa miaka kumi na moja.

Binti alimuuliza baba yake mara moja tu, hospitalini, "Baba, ulikuwa na haraka gani?" Baba hakujibu. Binti akahama nyumbani mwezi Machi 2014, akawa anakuja kumwona mama yake kwa kupiga simu kwanza, "Fundi wako yupo?" akiambiwa yupo haji, akiambiwa hayupo anakuja. Marehemu alizijua siku hizo. Alikuwa akitoka mwenyewe, anaaga kwamba anakwenda kununua msasa, na mkewe anasema katika nyumba ile mna msasa wa kukwangua mji mzima.

Hakukanyaga tena machimboni. Aliendelea kutengeneza boti za watu wengine, akaziba dirisha la karakana ili wapita njia wasichungulie, akawa anapiga msasa ndani ya chumba kilichofungwa, vumbi la nyuzi za kioo limetanda hewani kama ukungu. Mkewe alimshonea barakoa saba kwa mkono wake, zilikutwa juzi kwenye droo, zimekunjwa vizuri, hazijavaliwa. Kikohozi kilianza mwaka 2021, na tarehe 12 Juni 2023 daktari wa mapafu alituonyesha picha, mapafu yote mawili yamejaa makovu, akasema haya hayarudi nyuma.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 20 Januari mwaka huu. Tarehe 27, saa ya kuwatazama wagonjwa, mchana, mdogo wake alikaa pembeni ya kitanda akamwambia yote, kuhusu kipokezi, na lile neno "nimeona". Marehemu aliondoa kikombe cha hewa usoni akasema, "Nilijua. Nilikifungua kipokezi Jumatatu yake." Mdogo wake akapandisha sauti, kwamba mbona hukusema, mbona umeniacha miaka yote hii, na marehemu akasema, "Punguza sauti, hii ni wodi. Mwanangu alikwishaninunia, na wewe ungekimbia. Ningebaki nagombana na nani?" Mdogo wake akamwomba amweleze binti. Akakataa. "Sema mwenyewe, usinitume. Mimi pumzi zangu nazihesabu."

Kwa hiyo mdogo wake alikuwa na siku nane za kusema. Mdogo huyu, msema kweli huyu, alipiga namba ya binti mara tatu na mara zote tatu akakata kabla haijaita. Tarehe 30 Januari binti alifika mwenyewe hospitalini, bila kuambiwa na mtu, akatembea hadi mlango wa wodi, akasikia kile kikohozi, akasimama kidogo, akarudi. Muuguzi alimwona. Laiti angekuwa amepigiwa simu siku tatu kabla, angeingia, au asingeingia, lakini angejua anaingia kwa nani. Tarehe 4 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, marehemu alifariki dunia, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia, na hakuna aliyekuwa ameshika wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemnyoa ndevu kila Jumatatu bila kuombwa, majirani waliosogeza magari yao kulipisha gari la wagonjwa mara tano na hawakuuliza maswali, na wenzake wa chumba cha mifano waliochonga jeneza hili kwa mikono yao. Klabu ya boti nayo inashukuriwa kwa kufika. Mwenyekiti wake ana barua iliyotiwa saini leo asubuhi, inayosema nani alibadilisha kipokezi na nani alisema uongo, na kama bado wanafungia watu, jina la kufungiwa liko chini ya barua.

Kwa binti wa marehemu, msomaji huyu haombi msamaha mbele za watu, maana ukiombwa mbele za watu utalazimika kuutoa. Anaomba mtu yeyote asimsogelee leo kumwambia asamehe, asimshike bega, asimwambie ndivyo ilivyoandikwa. Baba yako hakuwa na haraka, mwanangu. Aliuliza, akajibiwa. Ulipomuuliza wewe, jibu halikuwa lake kulitoa, lilikuwa la baba yako mdogo, na limekufikia leo, limechelewa kwa siku nane na miaka kumi na moja.

Kaka, lala. Lililobaki si lako tena.