Presha Haisomwi Usoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, muuguzi wetu, wazazi wetu wapendwa, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, hamjambo.

Nimepewa nafasi niseme neno tunapofungua chumba hiki cha afya, ambacho hadi juzi kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Nitasema habari za nyumbani kwetu, maana ndizo ninazozijua vizuri.

Bibi mzaa baba alikuwa na presha. Baba mkubwa naye anayo. Basi kwetu tumezoea kugawana ugonjwa kwa sura: aliyechukua paji la Bibi ndiye mrithi wa presha, aliyechukua pua ya Babu amesalimika. Shangazi ana pua ya Babu, kwa hiyo alikuwa akimwaga chumvi kwenye sahani kabla hata ya kuonja. Baba ana paji la Bibi. Ukimwambia akapime, hucheka: "Nipime nini, mwanangu? Yangu si hii hapa, imeandikwa usoni?"

Je, ni kweli? Nilimuuliza muuguzi, naye hakunicheka. Alisema presha huweza kurithiwa, ila vinasaba vinavyoigusa ni vingi mno, kila kimoja husukuma kidogo tu, na hakuna awezaye kuvisoma kwenye pua ya mtu. Tena chumvi nyingi, uzito, sigara, pombe na kukaa kitako kutwa nzima navyo husukuma, na hivyo tunaweza kuvipunguza.

"Walete hao wenye pua," akaniambia.

Nikamleta Shangazi, akapimwa ofisini kwa walimu, maana chumba hiki kilikuwa bado stoo. Kipimo kikawa juu. Akarudi siku nyingine, kikawa juu vilevile. "Ama kweli pua imenisaliti!" alisema. Leo anatumia dawa alizoandikiwa na daktari, sokoni anakwenda kwa miguu, na kichupa cha chumvi kimehama mezani. Namwona pale nyuma ananikonyeza.

Baba hakutaka kuja. Lakini leo yupo, safu ya tatu, kwa sababu ndiye aliyetushonea mapazia ya chumba hiki. Baba, niwie radhi kwa kusema mbele za watu. Mteja akikuambia, "Nikatie tu, fundi, si unaniona?" wewe humjibu, "Simama wima kwanza, jicho halishoni suti." Umewahi kukata kitambaa kwa kumtazama mtu usoni? Mbona basi wewe mwenyewe umejikatia hivyo?

Sijui kipimo chako kitasema nini. Huenda kikawa kizuri kuliko cha Shangazi, huenda kisiwe. Ninachotaka ni tujue mapema, ili uendelee kutushonea sisi, na wajukuu pia.

Ndugu wageni waalikwa, mgeni rasmi akishakata utepe, muuguzi atahitaji mtu wa kwanza kitini. Nilitaka kuomba ajitokeze mmoja, lakini naona kule safu ya tatu kuna fundi anafungua kifungo cha mkono wa shati. Naomba niishie hapa, asije akaona haya akakifunga tena.

Ahsanteni sana kwa kunitegea sikio.