Kisanduku cha Mlezi

Shikamooni wazee wangu. Mmenisimamisha niwaeleze vijana wetu nilivyopata ufadhili wa kusomea sheria. Nitaeleza, ila msinipigie makofi mapema, maana kuna aibu humu ndani.

Baba yangu aliondoka nikiwa mchanga. Aliyenilea ni mjomba, kaka yake mama, kwa mikorosho yake kule Newala. Mnajua wenyewe, kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Basi fomu ya kwanza ya kuomba ufadhili ilipouliza jina la baba, nikaandika la mjomba wala sikusita. Cheti cha kuzaliwa kina jina jingine. Wafadhili wale wakaninyima, wakanijibu kwamba nimedanganya.

Mwaka ule mikorosho haikuzaa, na chuo kilishaniambia bila ada nisirudi. Ndugu zangu, nawaambia, nilichanganyikiwa. Nikapata fomu ya wafadhili wengine. Kwenye kisanduku cha mlezi nikaandika: Hakuna. Nilitaka wanihurumie.

Kumbe hawa huhakiki. Walimpigia simu mtendaji wa kijiji, naye akamwita mjomba ofisini, akamweleza nilichoandika. Niliporudi nyumbani nikamkuta amekaa barazani, kofia mkononi.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Akasema, "Mwanangu, kumbe wewe huna mtu?"

Nililia. Mimi niliyekuwa nasomea kutetea watu.

Siku ya nne akavaa koti lake la harusi, akasema twende Masasi kwa wakili. Huyu ni mtu asiyependa hata kupita karibu na mahakama. Akaapa mbele ya wakili kwamba mimi ni mtoto wa dada yake na yeye ndiye aliyenilea, akatia dole gumba. Hati ile ya kiapo niliiambatanisha na fomu ya tatu, maana ile ya pili ilikataliwa, pamoja na barua ya kueleza desturi yetu na kukiri nilivyokosea huko nyuma. Hiyo ndiyo iliyokubaliwa.

Namshukuru mwalimu aliyenisahihishia barua, na wakili ambaye hakututoza kitu. Nanyi vijana, wafadhili wapo, ombeni kwa wengi msichoke. Ila fomu ikikosa nafasi ya mtu aliyekulea, ambatanisha karatasi umtaje. Usimfute.

Mjomba nilimwomba aje leo. Amesema ana kazi shambani. Marahaba ananiitikia, lakini siku hizi ananiita mwanasheria. Hajaniita tena "mwanangu".