Daftari la Migongo

Basi lilipotoka Tengeru, Tekla alifumba macho ili asinzie, lakini wanawake wawili wa kiti cha mbele hawakumpa nafasi.

“Sindano bila dawa?” alishangaa mmoja, mama wa makamo. “Na UKIMWI huu, mwanangu?”

“Kila mgonjwa ana zake, mama, na nazichemsha mbele yake,” alijibu mwenzake, msichana aliyejitambulisha kwa jina la Naserian. Alifundishwa tiba hiyo ya kuchoma sindano tupu na daktari wa Kichina, akasema, na kabla ya kuchoma humkanda mtu mgongo huku akimuuliza anafanya kazi gani. Tekla alicheka kimoyomoyo. Kumbe siku hizi hata mgongo unahojiwa!

“Karibu wote ni wa shamba la maua,” Naserian aliendelea. “Tangu mwekezaji aje, wanainama kutwa nzima na dawa inapulizwa wakiwa humo humo. Nimeandika yote kwenye daftari, nilipeleke serikalini. Sasa msimamizi wao amenitumia salamu kwamba atakichoma moto chumba changu cha tiba.”

“Achana nalo, mwanangu. Utakufa bure.”

“Na wao je, mama? Naogopa, lakini siwezi kuwaacha.”

Kicheko kilimkauka Tekla. Jana mumewe, ambaye ndiye huyo msimamizi, alirudi na dumu la mafuta ya taa, akalisukuma uvunguni na kumkataza kuuliza.

Basi liliposimama stendi, yule mama aligeuka, akamtazama kwa upole.

“Nawe umepandia Tengeru, dada. Wewe ni mke wa nani pale?”