Mama wa Kwenye Robot

Njooni karibu, wanangu. Huguette, kaa hapa kitandani, nawe Ladislas, funga mlango uiweke hiyo simu, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitaki kuyasema haya mara mbili, hata mara moja yananichoma.

Cherehani na vitenge ni vya Huguette, vyombo na televisheni ni vya Ladislas, msibishane. Nililowaitia ni vitabu vya Mama Kamlesh, makasha mawili, ambavyo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuvisoma, na hasa kile kitabu cha mwisho mnachokigombania wiki nzima mkidhani nimelala.

Ladislas, wewe hukumjua vizuri, kwa hiyo sikia. Mama Kamlesh Sondhi alizaliwa Kisumu, binti wa karani wa reli, akaolewa hapa Durban na mwalimu aliyemwacha mjane mapema. Maisha yake yote aliandika riwaya kwa Kihindi, zikichapwa huko Delhi, na hapa mjini waliozisoma ni wazee wachache wa hekaluni, nao wakawa wanapungua kila mwaka. Mwanawe mwenyewe, yule wa Australia, hakuweza kusoma hata ukurasa. Mimi aliniajiri nyumbani kwake Glenwood nimpikie na kumwogesha, lakini kusema kweli alinichukua kwa ajili ya Kiswahili. Alisema tangu atoke kwao hakuna aliyemwambia pole. Asubuhi aliandika, miguu ndani ya beseni la maji moto, na mchana, tukimenya njegere, alinisimulia alichoandika: bibi arusi aliyeshuka kwenye treni akakuta mume si yule wa kwenye picha, mjane aliyekataa kunyolewa nywele. Nami nikamsimulia ya kwangu, kama mtu anavyomsimulia dada yake.

Nilimwambia nisilowaambia ninyi. Mnajua kwamba tulipofika kutoka Uvira nilipata kazi upesi. Sikupata. Baba yenu alikwenda Johannesburg kutafuta maisha, hakurudi. Mimi, mwalimu, binti wa mkuu wa shule, nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, hapo Albert Park, taa ikiwa nyekundu na magari yakisimama nakwenda dirishani nanyoosha mkono, Huguette mgongoni, Ladislas tumboni. Siku moja kioo kikashuka na baba wa mwanafunzi wangu wa Uvira akatoa kichwa: “Mwalimu! Ni wewe?” Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba amenifananisha. Taa ikawa kijani, akaenda. Sikurudi tena kwenye robot ile, nikahamia nyingine.

Basi mwaka 2011 kitabu chake kikatoka, wakamfanyia sherehe ukumbini. Mimi nilikaanga sambusa, Huguette akapitisha sinia. Mzee mmoja akasoma kwa Kihindi, kisha akaeleza kwa Kiingereza, nami nikasikia robot, mtoto mgongoni, kioo kikishuka. Watu wakafuta machozi. Mama Kamlesh, furaha imemjaa, akaninyooshea kidole: “Shujaa wangu ndiye yule pale! Mama Huguette, simama wakuone.” Nikasimama na aproni yangu, ukumbi mzima ukapiga makofi. Huguette, nilikuona ukitazama sakafu. Tulirudi kwa taxi, na jambo hilo hatujalitaja hadi leo.

Sikurudi kazini. Baada ya wiki, bibi yule aliyepita miaka themanini alipanda ngazi zote za jengo hili kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa, nikamkuta ameketi nje ya mlango wangu anatweta.

“Nimeandika wanawake maisha yangu yote,” akasema, “hakuna aliyewahi kunikasirikia. Walikuwa wamekufa, au hawakujua kusoma.”

“Na mimi hicho Kihindi chako sikijui.”

“Ndiyo maana nimekuja kukusomea.”

Alinisomea mchana baada ya mchana, akigeuza kwa Kiswahili. Mwanamke wa kitabuni anapoitwa kwenye robot anainua kichwa, anajibu, “Ndiyo, ni mimi.” Mumewe anarudi. Wanangu, nilimwonea wivu mwanamke yule. Nikasema, “Mama, mimi nilimkana yule baba.” Akajibu, “Najua. Nilishindwa kukuacha pale.”

Nikarudi kumhudumia mpaka alipofia mikononi mwangu, mwaka 2013. Msidhani nilikuwa mtakatifu. Siku nyingine nilimsamehe, siku nyingine nilizidisha chumvi kwenye dengu makusudi, naye akala akamaliza sahani. Kwa mwanasheria aliacha neno kwamba kitabu kile kisitafsiriwe bila idhini yangu. Wale wa chuo kikuu wamekuja kukiomba, nimekataa. Huguette anataka kitoke. Ladislas anasema kanisani watatucheka. Mwanangu, watacheka, ndiyo. Mimi mwenyewe bado naona haya, hata hapa nilipo, mbele ya watoto niliowazaa.

Lakini aliyekuwa mgongoni juani ni Huguette. Idhini naiacha kwake, nawe usimzuie. Kikitoka, asibadilishiwe neno Mama Kamlesh, hata pale aliponipendelea. Ya kwangu mmeyasikia, mkitaka mtayaandika wenyewe. Wakiwaita ukumbini, nendeni au msiende, ila mtu asimsimamishe mwenzake. Vile vitabu vingine tafuteni msomaji wa Kihindi, hata mmoja, mumpe. Visiuzwe kufungia vitumbua.

Mnizike hapa hapa Durban... msihangaike na Uvira. Wimbo mmoja unatosha. Padri asirefushe.

Niinue kidogo, Huguette. Polepole... eish. Hapo.

Ladislas, njoo upande huu. Mungu abariki kutoka kwenu na kuingia kwenu. Awape usingizi mzuri. Awape... watoto wasiowaogopa.

Mbona mmeinamisha macho? Mimi siinamishi tena. Niangalieni, wanangu. Ninyi wawili.

Hivyo.

Hivyo hivyo...