Ekseli ya Shemeji

Kaka: Haloo? Ni nani?

Dada: Kaka, ni mimi—

Kaka: Mimi nani? Namba hii siijui.

Dada: Mdogo wako! Simu yangu ameibamiza ukutani. Hii nimeazima kwa jirani. Shikamoo.

Kaka: Marahaba. Mbona unaongea kama umebugia kitu?

Dada: Damu. Meno mawili yametoka.

Kaka: Ni shemeji?

Dada: Sasa nani mwingine? Ila leo na mimi sikumwachia. Nilikuwa napiga pasi, nikamtandika nayo ya kichwa, ya moto hivyohivyo. Kaanguka kama gunia.

Kaka: Safi! Amekufa?

Dada: Afe wapi, mbishi yule! Alianza kuamka, anatukana, uso wote damu. Nikambeba mwanangu, nikachukua na— [mkwaruzo]

Kaka: Nakupata vipandevipande. Umechukua nini?

Dada: Gari! Niko barabarani nakuja kwako. Mtoto amelala kiti cha nyuma.

Kaka: Gari gani?

Dada: Lake, mimi nina gari? Si hili ulilomchomelea ekseli juzi hapo uani kwako!

Kaka: Simama.

Dada: Nini?

Kaka: Simama, dada! Ondoa mguu kwenye mafuta. Usifunge breki ghafla—

Dada: Wewe una wazimu? Ananifuata na pikipiki! Nimemwona kwenye kioo, ana nondo!

Kaka: Hajawahi kukuachia hata ufunguo, yule! Hata siku moja!

Dada: Leo sikuomba. Kwani kuna nini?

Kaka: Zile ncha mpya za ekseli, zinazoshika magurudumu. Ya kushoto nimeichomelea sawasawa, kidogokidogo, naiacha ipoe. Ya kulia...

Dada: Ya kulia nini? Sema!

Kaka: Nimepiga doti tu za weldi za kuishikilia. Juu nikaziba na pati, nikapaka rangi nyeusi. Ukikaza mwendo, gurudumu linachomoka.

Dada: Umekosea, kaka? Wewe?

Kaka: Sikukosea. Siku ile mlipolileta gari, jicho lako limevimba, ukaniambia umejigonga mlangoni. Nilikuwa na kofia ya kuchomea usoni, hukuona nilivyolia. Yeye anakaa kwenye kigoda changu, anacheka, eti fundi, fanya haraka—

Dada: Mungu wangu. Kuna kitu kinagonga huku nyuma.

Kaka: Upande gani?

Dada: Kulia.

Kaka: Simama sasa hivi! Mtoe mtoto, kimbilia penye watu!

Dada: Atanikuta!

Kaka: Akikukuta utavunjika mkono. Gari likipinduka mnakufa wote wawili. Simama, nakuja na nyundo yangu kubwa. Leo namvunja magoti, naapa!

Dada: Nasimama... [mkwaruzo] Nimesimama.

Kaka: Shuka! Mtoe mtoto!

Dada: Mkanda umekwama, nauvuta... Kafika! Kaka, kafika— Niache! Niache wewe!

Kaka: Haloo? Dada!

Dada: Usinipige mbele ya mtoto! Aaa! Mkono wangu!

Kaka: Mng'ate! Mchome macho, mbwa huyo! Haloo!

Dada: [mlio wa gari likiondoka]

Kaka: Dada, sema kitu. Nimeshafika getini, natoka.

Dada: Ameondoka.

Kaka: Na pikipiki?

Dada: Pikipiki ameitupa hapa. Ameondoka na gari.

Kaka: Mtoto unaye?

Dada: Nimeshika mlango, kaka, ameniburuta, mkono huu haushiki tena. Nimepiga kelele gari ni bovu, asimame. Anacheka! Anasema nimetunga uongo!

Kaka: Mtoto yumo?

Dada: Yumo! Ameamka, ananiita dirishani!

Kaka: Amekwenda kasi?

Dada: Sana! Simwoni tena, ni vumbi tupu!

Kaka: Kata simu nimpigie.

Dada: Usinikatie, kaka, niko peke yangu—

Kaka: Nina hii simu moja tu! Kata nimpigie, nimwambie asimame.

Dada: Mimi hajaniamini, wewe atakuamini?

Kaka: Nitamwambia doti nilizipiga mimi, nikimtegea yeye.

Dada: Atakuua.

Kaka: Na aniue. Kata simu, mama, kata!